Faiba Inapita Modogashe. Swali ni Kama Itashuka

Muulize mtu wa Nairobi historia ya simu Kenya, atakupa stori moja tu. Zamani kulikuwa na vibanda vya simu vya KPTC, halafu Safaricom ikaja, halafu M-Pesa 2007, halafu dunia nzima ikatushangaa. Mwisho. Piga makofi.

Stori hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu. Ni stori ya mahali ambapo netiwaki ilifika kwanza. Leo nakupa nusu ya pili, ya mahali ambapo netiwaki hufika mwisho. Yaani kwetu, Modogashe.

Kama hupajui, toka Isiolo ufuate barabara ya mashariki, pita Kulamawe, endelea. Au toka Garissa mjini upande kaskazini kilomita kama 160. Barabara hizo mbili zinakutana Modogashe, halafu moja inaendelea hadi Habaswein, Wajir, na mwishowe Mandera. Mji wenyewe uko mpakani mwa Garissa na Isiolo, na Wajir iko hapo tu jirani. Basi linasimama, watu wanakunywa chai na kuswali, lori la mbuzi linapoza injini, kila mtu anaendelea na safari yake. Ni mji wa kupita. Vitu vingi vimepita hapo bila kushuka, na hiyo ndiyo shida ninayotaka tuongelee.

Kabla ya bustaa kulikuwa na taar

Sensa ya 1999 ilihesabu Wakenya milioni 28.7. Mwaka huo laini za simu za mezani nchi nzima zilikuwa kama 300,000. Piga hesabu: simu moja kwa karibu watu mia, na nyingi ziko Nairobi, Mombasa na miji mingine mikubwa. Ukiomba laini KPTC, unaweza kungoja miaka.

Kaskazini haikuachwa nyuma kwa bahati mbaya. Serikali ya kikoloni ilifanya eneo letu kuwa wilaya iliyofungwa tangu 1926, huingii wala hutoki bila kibali. Uhuru ukaja, na mwaka 1965 serikali mpya ikatoa Waraka wa Bunge nambari 10, uliosema pesa za maendeleo ziende kwanza sehemu zitakazozalisha zaidi. Soma hiyo ukiwa mahali penye mvua na reli, utaona ni akili. Isome ukiwa Modogashe, utaona umeambiwa ungoje. Halafu hali ya hatari, iliyoanza na vita vya Shifta, haikuondolewa rasmi hadi 1991. Nani angekuja kuvuta waya wa simu hapo?

Sasa watu walikuwa wanaongeaje? Kwa taar.

Ayeyo wangu, yaani nyanya yangu, huongelea taar vile nyinyi mnaongelea WhatsApp. Ni redio ya masafa marefu, ile ambayo polisi na DC walikuwa nayo ofisini na watu wakaiita redio kol. Wafanyabiashara wa Kisomali wakawa nazo pia: waya mrefu umefungwa juu ya mti au paa, betri ya gari chini ya meza, na mwendeshaji mmoja mwenye koo la chuma. Unafika, unasema unataka kuongea na fulani wa mji fulani. Mwendeshaji anaita mwenzake upande ule, na mwenzake anatuma kijana akamtafute huyo mtu. Unarudi saa ya miadi. Mnaongea kwa zamu, mmoja akimaliza ndipo mwingine aanze, na kila mtu chumbani anasikia. Ndiyo maana watu walitumia majina ya utani na mafumbo. Ayeyo anasema mtu angeweza kutangaza harusi, deni na kifo katika sentensi moja na jirani asiambulie kitu.

Somalia iliposambaratika 1991 na kambi za Dadaab zikafunguliwa, taar ikawa uti wa mgongo. Familia moja ilikuwa na mtu Eastleigh, mwingine Dadaab, mwingine Minneapolis. Serikali haikuzipenda redio hizi kwa sababu za usalama, na ndani ya kambi nyingine zilifanya kazi kwa kujificha. Lakini pamoja na taar kulikuwa na kitu kingine: hawala. Unampa mtu pesa mji mmoja, anaita mwenzake redioni, anataja jina na kiasi, na upande wa pili pesa inatolewa. Hakuna noti iliyosafiri. Wenye maduka watamalizana wenyewe baadaye.

Hebu soma aya hiyo tena polepole. Wakala hapa, wakala kule, ujumbe hewani, pesa inatoka. Inakukumbusha nini?

Mlango ulifunguliwa na sheria, si na simu

Kuna kitu huwa tunakosea tukiongea teknolojia. Tunadhani kifaa kipya kikivumbuliwa, kinajileta chenyewe. Hapana. Simu ya kwanza kwenye mtandao wa GSM wa kibiashara ilipigwa Finland mwaka 1991. Sisi Wakenya wa kawaida tulianza kushika simu za mkono baada ya 2000. Miaka hiyo yote katikati ilikuwaje? Simu zilikuwepo, za teknolojia ya zamani, chini ya KPTC, na kuunganishwa kulifika kama shilingi 250,000. Hiyo miaka ya tisini ilikuwa pesa ya gari. Ilikuwa simu ya waziri na ya mwenye kampuni.

KPTC ilikuwa kila kitu. Ilitoa huduma, na hapo hapo ndiyo ilikuwa na sauti ya nani mwingine aruhusiwe kutoa huduma. Ni kama timu moja kucheza na pia kushika filimbi. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ndiyo ilivunja hiyo, na mwaka 1999 shirika likagawanywa mara tatu: Telkom Kenya kwa simu, Posta kwa barua, na CCK kama refa, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka 2000 Vodafone ikaingia Safaricom kwa asilimia 40, na Kencell ikaanza kazi. Kampuni mbili zikaanza kupigania mteja, na ndani ya miaka michache simu ikashuka kutoka kwa waziri hadi kwa mama mboga. Kadi za kukwangua, kulipia kwa sekunde, simu ya jamii, kuflashi. Watu wazima mnajua.

Lakini tabia ya kufunga mlango haikufa siku moja. Mwishoni mwa 2000, kampuni za intaneti za Kenya ziliunda kituo cha kubadilishana data Nairobi kinachoitwa KIXP. Kabla yake, barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili ingeweza kuzunguka Ulaya au Marekani kwanza, kwa bei ya dola. Kituo kilikuwa cha kuzuia huo upuzi. Telkom ikalalamika kwamba mambo ya njia za data ni yake peke yake kisheria. CCK ikakifunga, wiki chache tu baada ya kuanza. Kilifunguliwa tena 2002. Hakuna kifaa kilichokuwa kimeharibika hapo. Ni karatasi.

Karatasi hiyohiyo pia inaweza kusaidia. Agosti 2010 CCK ilikata ile ada ambayo kampuni moja humlipa mwenzake simu ikivuka kutoka mtandao hadi mtandao, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Zain mara moja ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3, na vita vya bei vikaanza. Mkiongea usiku kucha na mpenzi wako mwaka huo, mshukuru pia refa.

M-Pesa haikutushangaza

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Ilikuwa imejaribiwa tangu 2005, Thika ikiwemo, kama njia ya watu kulipia mikopo midogo. Wateja wenyewe wakaanza kuitumia kutumiana pesa, na Safaricom ikafuata mahali watu walikoelekea. Benki Kuu ikaachia ianze bila sheria maalum ya pesa za simu, ikawa inaangalia kwa makini. Tena ni uamuzi wa sera: refa alichagua kutopuliza filimbi.

Sisemi M-Pesa iliibwa kutoka kwa hawala. Sina ushahidi huo na siuhitaji. Ninachosema ni kwamba watu wa kaskazini walipoambiwa kuna wakala, unampa pesa, mtu wako mbali anazipata, hakuna aliyehitaji semina. Adeer wangu mfanyabiashara wa mbuzi alielewa siku moja. Mtu anayeuza mifugo soko la Garissa, moja ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, alikuwa anarudi nyumbani na mafungu ya noti kiunoni kwenye barabara ya majambazi. Ghafla pesa inasafiri na yeye anasafiri mikono mitupu. Hiyo si urahisi tu, ni uhai.

Shida ni moja. Hawala ilihitaji betri ya gari na waya. M-Pesa inahitaji bustaa.

Bustaa inafuata pesa

Bustaa ni biashara. Mjini, mnara mmoja unahudumia maelfu ya watu na unachomeka stima ya Kenya Power. Huku kwetu, mnara mmoja unahudumia watu wachache waliotawanyika na mifugo yao, na nje ya miji hakuna stima, kwa hivyo mnara unaendeshwa na jenereta, na dizeli inaletwa kwa lori. Tena minara mingi inaongea kwa kurushiana mawimbi, mmoja hadi mwingine, kama watu wanaopitishiana ndoo. Mmoja wa katikati akianguka, wote walio mbele yake wamekauka. Kampuni ikipiga hesabu hiyo, jibu ni hapana. Siichukii kwa hilo, kampuni si shirika la msaada.

Wakati mwingine mtu wa nje alilipa tofauti. Dertu, kaunti yetu hii ya Garissa, iliteuliwa kuwa Kijiji cha Milenia mwaka 2006, na kupitia mradi huo Ericsson na Zain zikapeleka netiwaki ya simu huko. Ilikuwa nzuri. Lakini huwezi kujenga nchi kwa kungoja kila kijiji kichaguliwe na mradi wa watu wa New York.

Ndiyo maana sheria iliyoanza kazi 2009 iliunda Mfuko wa Huduma kwa Wote. Wazo ni rahisi: kila kampuni ya mawasiliano inatoa kipande kidogo cha mapato yake, asilimia 0.5, na pesa hiyo inajenga mahali ambapo biashara peke yake haingefika. Ukinunua bando Kasarani, senti fulani ni ya bustaa ya kijiji ambacho hutawahi kukiona. Huo ni uundugu ulioandikwa kisheria, na naupenda sana.

Sasa angalia mwendo wake. Sheria 2009. Utafiti wa kujua mapengo yako wapi, 2016. Utafiti ukapata lokesheni ndogo 164 zisizo na netiwaki yoyote kabisa. Halafu ndipo zabuni zikafuata na minara ikaanza kujengwa. Miaka saba kutoka sheria hadi ramani. Ndani ya miaka hiyohiyo saba, mtu wa Nairobi alikuwa ametoka kwa mulika mwizi akaingia kwenye simu ya kugusa na intaneti ya 4G. Sisi tulikuwa bado tunahesabiwa.

Mnara ukilipuliwa

Tarehe 13 Januari 2020, al-Shabaab walivamia Kamuthe, Garissa. Waliua walimu watatu. Walishambulia kituo cha polisi. Na walilenga mnara wa simu. Walimu, polisi, bustaa. Wao walijua vizuri kuliko wapangaji wengi kwamba mnara ni sehemu ya jamii, kama shule. Minara mingi imeshambuliwa hivyo Garissa, Wajir na Mandera, kwa sababu mji usio na netiwaki hauwezi kuita msaada.

Fikiria siku inayofuata. Mama mjamzito hawezi kuita ambulensi. Wakala wa M-Pesa anakaa bure, kwa hivyo duka halina pesa, kwa hivyo hakuna anayenunua maziwa. Mchungaji hawezi kuuliza mvua imenyesha wapi, na kwenye ukame swali hilo ndilo tofauti ya ng'ombe mzima na mzoga. Na fundi wa kurekebisha anaogopa kuja, na namwelewa, yeye pia ana watoto.

Mnakumbuka Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilivyozorota nchi nzima? Mliandika hasira zenu kwa wiki nzima, na mlikuwa na haki. Shika hisia hiyo, halafu izidishe kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi. Tofauti ni kwamba huku ikitokea, haiwi habari. Mwenye kuilalamikia hana netiwaki ya kulalamikia.

Hata netiwaki ikiwepo, kitambulisho kiko wapi?

Kuna ukuta mwingine ambao hauonekani kwenye ramani za minara. Mwisho wa 2012 laini zote ambazo hazijasajiliwa zilizimwa. Usajili unataka kitambulisho. Sera hiyo ina sababu zake, utekaji na utapeli upo kweli. Lakini Mkenya wa Kisomali kupata kitambulisho imekuwa mtihani wa ziada kwa miaka mingi. Mwaka 1989 tulipangwa foleni ya msako wetu peke yetu na tukapewa kadi maalum. Baada ya hapo kukawa na vikao vya kuhojiwa ambavyo kijana wa Nyeri hajawahi kuvisikia. Na kuna Wakenya waliojiandikisha kambini wakati wa ukame ili wapate chakula, mfumo ukawashika kama wakimbizi, wakakataliwa uraia wao wenyewe.

Binamu yangu alizungushwa na ofisi moja zaidi ya miaka miwili. Kwa muda huo wote laini yake ilikuwa na jina la mamake. M-Pesa ya mamake. Mkopo wa simu hapati. Akiombwa kazi ya mtandaoni, hawezi kulipwa. Kwenye nchi ambayo pesa iko ndani ya simu, na simu iko ndani ya kitambulisho, kumnyima mtu kadi ni kumtoa kwenye uchumi. Februari 2025 Rais alitia sahihi Wajir tangazo la kumaliza mahojiano hayo ya ziada. Vizuri sana. Sasa tunaangalia madirisha ya ofisi, kama nayo yamesikia.

Barabara kuu bila steji

Nakuja kwenye faiba. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mkubwa wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, njia ya zaidi ya kilomita 700, na ndani ya mradi kuna kulaza faiba kando ya lami. Njia hiyo inapita Modogashe.

Watu wakisikia hivyo wanashangilia, na mimi pia. Kebo za baharini zilifika Mombasa 2009, TEAMS na SEACOM, na leo tunaongelea waya wa kioo kupita mlangoni kwetu. Lakini faiba si mvua, hainyeshei kila mtu inayempita. Ni barabara kuu. Ili utoke kwenye barabara kuu unahitaji steji: chumba cha mitambo, stima ya uhakika, kampuni yenye leseni ya kuichukua hapo na kuipeleka shuleni, hospitalini, kwenye bustaa, kwa duka. Bila steji, data ya Mandera kwenda Nairobi itatupita kwa kasi ya mwanga, na sisi tutaendelea kushika simu juu ya kichuguu tukitafuta kanda moja ya netiwaki.

Mtu ataniambia, si kuna Starlink? Ndiyo, imekuwepo Kenya tangu Julai 2023, na haijali mnara umelipuliwa au la. Naipenda. Lakini kifaa chake kimeuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na mwaka 2024 Safaricom iliandikia refa ikitaka kampuni za setilaiti zilazimishwe kushirikiana na kampuni za hapa badala ya kupewa leseni peke yake. Huenda hoja yake ina uzito kwa mambo ya usalama na ushindani. Lakini tumeona sinema hii, KIXP 2000. Mwenye mlango hapendi dirisha.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Teknolojia imebadilika mara nne tangu taar: analogi, GSM, faiba, setilaiti. Foleni haijabadilika. Aliyekuwa mwisho 1965 bado yuko mwisho. Na foleni haipangwi na wahandisi, inapangwa na watu waliokaa kwenye meza ambayo sisi vijana hatuhudhurii. Refa akitangaza kwamba anakusanya maoni ya umma kuhusu leseni au ule mfuko, wanaoandika ni mawakili wa kampuni. Andika na wewe. Ukurasa mmoja unatosha.

Kama uko Garissa, Isiolo au Wajir, uliza mbunge na kaunti swali moja lenye jibu la wazi: faiba ina steji ngapi kati ya Isiolo na Wajir, na Modogashe ni mojawapo? Kama uko Nairobi au Mombasa, uliza ile asilimia 0.5 ya bando lako imejenga nini mwaka huu, na wapi. Ni pesa yako pia.

Ayeyo ana mjukuu Minneapolis ambaye humpigia kila Ijumaa baada ya swala, netiwaki ikikubali. Bado anapaza sauti kama yuko kwenye taar, na bado anatumia mafumbo. Nimemwambia siku hizi hakuna anayesikiliza. Alinijibu, "Hiyo ndiyo shida yenyewe."